Anayeachwa Anabonyeza Wapi

Jumatano ile nilifika kwa Munyiva saa tisa kama kawaida, na kabla sijapiga hodi nikasikia sauti yangu ndani ya nyumba yake.

Nilidhani ni masikio. Nikasimama kwenye ngazi ya saruji, Biblia kwapani, nikasikiliza. Ilikuwa sauti yangu kabisa, hata na kile kikohozi kidogo ninachokitoa kabla ya kusema jambo zito. Ilikuwa inasema: "Niliapa, mwanangu. Na tangu siku ile, kila nikigeuka kitandani nasikia mtama ukitembea chini yangu."

"Susu, huyu si Mama Winfred?" Huyo alikuwa Lavender, mjukuu wa Munyiva, anayesoma chuo Machakos mjini. "Sikia tena."

Na sauti yangu ikaanza upya.

Nikabisha. Lavender akafungua, simu mkononi, kicheko kimejaa mdomoni. "Aki Mama Winfred, umekuwa staa! Uko kwa gemu na hukutuambia."

Munyiva alikuwa ameketi karibu na dirisha. Hakucheka. Aliniangalia jinsi mtu anavyoangalia ng'ombe wa jirani akiwa katikati ya shamba lake.

"Lavender," akasema, "enda ufunge mbuzi."

"Mbuzi wamefungwa, susu."

"Basi enda uwafungue, kisha uwafunge tena."

Msichana alipotoka, Munyiva alingoja mpaka kamba za mbuzi zikasikika kweli zinafunguliwa huko nyuma.

"Uligeuza mahindi yakawa mtama," Munyiva akasema.

Nikahamisha Biblia kwapa la pili.

"Ulifikiri mtama hautasikika?"

"Munyiva, mimi..."

"Leo sina maombi. Enda nyumbani."

Nilienda. Njia ya kutoka kwake hadi kwangu, upande huu wa Mitaboni, ni ya dakika ishirini. Siku hiyo niliitembea mara tatu, kwenda, kurudi na kwenda tena, kwa sababu kila nikifika kwangu niliona siwezi kuingia.

Katika kanisa letu, mwanamke akipokea kitambaa cha kichwa cha akina mama, husimama mbele na kuahidi. Ahadi zenyewe ni nne, na ya mwisho ni hii: nitakayoambiwa katika maombi nitayapeleka kwa Mungu peke yake. Kisha anapewa mwenzi wa kuomba naye. Mimi nilipokea kitambaa mwaka uliofuata kifo cha mume wangu Mutuku, nikapewa Munyiva. Imekuwa miaka kumi na moja. Katika mwaka wa nne aliniambia jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wake. Aliiambia sakafu, kwa kweli, maana hakuinua macho. Na nikalibeba. Nilikuwa najulikana kwa hilo. Wanawake walikuwa wakisema, ukimwambia Mama Winfred ni kama umetupa jiwe kisimani.

Sasa niseme lilivyotoka.

Binti yangu Winfred anafanya kazi mjini na wenzake wawili, katika chumba kilicho juu ya duka la mabati na misumari. Wanatengeneza mchezo wa kompyuta na wa simu. Mkubwa wao ni Muringo, mwanamke mwenye haraka, aliyetoka upande wa Thika. Mwingine ni Henry, kijana mrefu anayekula ndizi siku nzima na kuyaweka maganda juu ya mashine. Kazi ya Winfred ni kuandika maneno yanayosemwa na watu wa humo ndani.

Katika mchezo huo unachagua utakuwa nani. Unaweza kuwa mwindaji, au mganga, au mlinzi wa kiapo. Mlinzi wa kiapo ndiye mwenye nguvu kushinda wote, ana ngao isiyopenywa, lakini anaipata kwa kuapa: "Sitamwacha niliyeanza safari naye." Akimwacha mwenzake njiani, hata mara moja, ngao inapasuka. Na hapo ndipo hao watoto walikuwa wamekwama. Je, baadaye? Watu waliojaribu mchezo walikuwa wakilalamika kwamba wamecheza wiki mbili, wamekosea mara moja, na sasa mtu wao hana maana tena, kama kuku wa kunyonyoka.

"Awekewe jiwe la toba," Henry alisema. "Anafika, anabonyeza, ngao inarudi, safari inaendelea."

"Hapo kiapo kitakuwa kiapo cha nini?" Muringo akasema. "Asirudishiwe."

"Basi wataifuta gemu," Henry akasema.

Mimi nilikuwa nimeitwa kwa sababu walihitaji sauti ya mwanamke mzee. Walikuwa wameegemeza magodoro ukutani ili misumari ya huko chini isisikike. Kwanza Muringo alinipa karatasi yenye maneno ya kithitu, kile kiapo cha babu zetu ambacho ukikiapa kwa uongo kinamaliza nyumba yako yote, si wewe tu. Nikaisoma kwa macho, nikaiweka chini.

"Haya siyasemi."

"Ni gemu tu, mama," Henry akasema.

"Kithitu hakijui gemu."

Walicheka, lakini kwa heshima, na Muringo akairarua ile karatasi. Nilijisikia vizuri. Nilijiona kama mtu aliyesimama imara mbele ya majaribu. Ndipo Winfred akageuza kiti chake akaniuliza, akiniita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, wewe umeona watu. Mtu akiapa kisha avunje, huwa anaishi namna gani baadaye? Si adhabu nauliza. Maisha ya kila siku."

Wote watatu walikuwa wananiangalia. Mimi nilifika darasa la saba. Katika maisha yangu watu wameniuliza kama chai iko tayari, kama mbegu zimeota, kama nina panga la kuazima. Hakuna chumba cha watu waliosoma kilichowahi kunyamaza kunisubiri nifikirie. Nikasema, "Nilijua mwanamke mmoja." Nikaanza kueleza. Nilibadilisha jina, nikabadilisha mahali, nikatia mtama palipokuwa na mahindi. Lakini nilipofika kwenye kitanda, maneno yalitoka kama Munyiva alivyoyasema, maana hakuna maneno mengine ya kulisema jambo lile.

Henry alikuwa ameacha kutafuna. Muringo alisema polepole, "Rekodi hiyo. Hivyo hivyo." Na nikarudia mbele ya maikrofoni, vizuri kuliko mara ya kwanza. Mlango wa kithitu niliufunga kwa komeo, na ule wa siri nikauacha wazi nikiwa nimekaa mbele yake.

Jioni ile ile ya Jumatano nilimwambia Winfred. Alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mguuni.

"Mtu wa kweli? Mwaitu, kwa nini hukusema ni mtu wa kweli?"

"Kwani ulifikiri natunga?"

"Nilifikiri ni ya zamani, ya akina susu, yenye hakuna mwenyewe!" Akakaa chini. "Ni nani?"

"Usiniulize."

"Ni Mama Munyiva. Si ndiye huwa..."

"Winfred. Usiniulize."

Akaahidi kuifuta. Lakini siku iliyofuata alirudi uso umeanguka. Nakala za majaribio zilikuwa kwa simu za watu mia mbili, na hizo hazingeweza kurudishwa. Na Muringo alikuwa amesema hapana kabisa: huyo Mama wa Kisimani, ndivyo walivyomwita mwenye sauti yangu mchezoni, ndiye kitu watu walikuwa wanasifu, na mwezi ujao walikuwa waupeleke mchezo kwenye maonyesho Nairobi. Akileta sauti nyingine nzuri zaidi, sawa. Asipoleta, inabaki.

Jumatano nyingine nilienda kwa Munyiva, nikapata mlango umefungwa kwa kufuli la nje, na moshi unatoka jikoni. Jumatano ya tatu hata kufuli hakuweka. Alikuwa uani anapepeta, akaendelea kupepeta mpaka nikaondoka. Nilipalilia maharagwe yangu mara mbili, nikapalilia tena mahali hapakuwa na magugu. Nilikuwa nikianza kuosha sufuria naiacha na sabuni, naenda kuangalia kama lango limefungwa. Nilitaka kuadhibiwa na hakuna aliyekuwa ananiadhibu. Nilitaka lile jiwe la Henry. Kweli nililitaka. Ningebonyeza na vidole vyote kumi.

Kwetu kuna benchi la nyuma. Mtu akikosa, mchungaji husoma jina lake na kosa lake, na kwa miezi sita anakaa huko. Hashiriki meza ya Bwana, havai kitambaa, haimbi na wenzake. Miezi ikiisha anaitwa mbele, watu wanapanga mstari, wanamsalimu kwa mkono mmoja mmoja. Nilimwendea mchungaji Kimanzi ofisini kwake, nikamwomba anipeleke huko.

"Umekosa nini, mama?"

"Nimevunja ahadi ya kitambaa. Ile ya nne."

"Juu ya nani?"

"Siwezi kusema. Nikisema, nitakuwa nimeivunja mara ya pili."

"Mimi ni mchungaji wako."

"Najua. Hata kwako."

Akavua miwani. "Nikisoma kwamba umetoa siri, kila mwanamke aliyewahi kukwambia kitu atalia nyumbani kwake, na watu wataanza kutafuta ni siri gani. Hiyo siwezi kusoma."

"Soma jina langu tu."

"Mama Winfred, wewe ni mjane. Nikisoma jina bila kosa, watu watajaza wenyewe. Na unajua watajaza nini."

"Wajaze."

Nilisema hivyo nikiwa nimekunja mikono kama shahidi wa imani. Nilifikiri mzigo ukinipata mimi peke yangu, basi ni haki. Pia nilitaka Munyiva anione pale nyuma kila Jumapili, ajue kwamba najua. Hilo la pili sikumwambia mchungaji.

Jumapili mchungaji akasoma jina langu bila kosa, na watu walijaza. Jumapili ya kwanza walinong'ona, ya pili waliacha kunong'ona, na ya tatu nilijua wameshapata jina. Walimchagua Gichuru, anayeuza mbegu sokoni Mitaboni. Sababu ilikuwa kwamba mara mbili alinibebea gunia la mbolea hadi langoni kwangu, kama anavyowabebea wateja wote wenye magoti mabovu.

Mke wake Waithira alinikuta sokoni siku ya Ijumaa, mbele ya vitunguu. Ni mwanamke wa Murang'a, ameishi hapa kwetu miaka ishirini, na hajawahi kugombana na mtu.

"Niangalie, Mama Winfred. Ni mzee wangu?"

"Si yeye. Mungu ni shahidi."

"Ni nani basi?"

"Hakuna mwanaume."

"Mjane amekaa nyuma, hakuna mwanaume? Uliiba? Ulilewa? Taja kitu. Taja tu kitu kimoja nikawaambie hawa wanaonicheka, niko hapa nakungoja."

"Siwezi kutaja."

"Huwezi." Akanisogelea. "Watoto wangu wanaulizwa shuleni. Gichuru hata kiti cha duka hakalii tena, anajificha ndani na panya. Na wewe huwezi."

"Waithira, dada yangu..."

"Usiniite dada! Kama si yeye, sema ni nini. Ukinyamaza ni yeye."

Nikanyamaza. Watu walikuwa wamesimama na vikapu vyao, wengine wanajifanya wanachagua nyanya ile ile. Na upande wa pili wa rundo la vitunguu, hatua mbili tu, alikuwa Munyiva. Alikuwa amejaza mfuko. Akaanza kuvitoa vile vitunguu, kimoja kimoja, akivirudisha mahali pake, na alipovimaliza akaondoka bila kununua.

Jumapili hiyo, wakati wa ushuhuda, alisimama. Nilimjua kwa mgongo kabla hajageuka. Kitambaa kichwani alikuwa hana, amekishika mkononi.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Mwaka wa themanini na nne, wakati wa njaa, mahindi ya njano ya msaada yaliletwa hapa kanisani. Wengine wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mimi ndiye nilikuwa nagawa. Gunia moja likapotea. Wazee wakaleta Biblia, nikaweka mkono, nikaapa sikulichukua."

Hakuna aliyesema amina.

"Lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwa nikigeuka nayasikia mahindi yakitembea. Nilihamia sakafuni, miaka saba nililala chini nikimwambia mume wangu ni mgongo. Watoto wangu walikula. Na mlinzi wa stoo, Muthoka, ndiye alifukuzwa kwa ajili ya gunia hilo. Akaitwa mwizi hapa. Akaenda Konza kuchunga ng'ombe wa watu, akafia huko. Nilimwambia mtu mmoja tu. Huyo mtu akakosea, akasema mahali. Ndiyo maana anakaa pale nyuma, na hawezi kuwaambia kwa nini. Hakuna mwanaume. Waithira, umenisikia? Hakuna mwanaume."

Waithira alifunika uso na leso.

Lakini mimi sikuwa namwangalia Waithira. Nilikuwa namwangalia Kimeu. Kimeu ni mtoto wa Muthoka. Ndiye hukusanya sadaka, na alikuwa amesimama karibu na mlango, kikapu tayari mkononi. Miaka saba nilikuwa nimetia sadaka yangu katika kikapu chake kila Jumapili, nikimwambia "ubarikiwe", nikijua baba yake hakuwa mwizi. Hilo nilikuwa naliita uaminifu. Kimeu alikiweka kikapu juu ya dirisha, taratibu, akahakikisha hakitaanguka. Akatoka. Tukasikia viatu vyake kwenye kokoto mpaka visisikike.

Munyiva alitembea katikati ya kanisa, akaja kwenye benchi la nyuma. Hakungoja kupelekwa. Akakaa ule mwisho mwingine. Kati yetu wangetosha watu watatu.

Ibada ilipoisha nilimsogelea.

"Munyiva, hukupaswa..."

"Ningefanya nini? Ulijikalisha hapa kama shahidi, ukaniachia mimi wa kuangalia nyumba ya Gichuru ikivunjika." Hakuwa na hasira. Ilikuwa mbaya zaidi ya hasira, ilikuwa uchovu. "Siri yako mimi nilikuwa nayo? Sikuwa nayo. Wewe ulikuwa na yangu. Sasa huna kitu changu. Uko huru."

Sikutaka uhuru huo. Nilikuwa nikitaka ule mwingine, wa kusamehewa, na haukuwepo.

Akafunga kile kitambaa akakitia mfukoni. "Hao watu wa gemu wako wapi?"

"Mjini."

"Jumanne unipeleke. Ngazi unazijua."

Tulienda. Njiani hakuzungumza isipokuwa kuniambia kiatu changu kimefunguka. Katika ngazi alishika ukuta, hakunishika mimi. Winfred alipomwona alisimama, akaangusha kalamu, akasema "Mwaitu," akainama kumsalimu, na Munyiva akampa mkono kichwani kama anavyompa mtoto yeyote.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni mimi, mama," Muringo akasema.

"Futa sauti ya huyu." Alininyooshea kidole bila kugeuka. "Mwenye hadithi ni mimi, nimekuja na yangu. Na si mtama. Mtama ulikuwa umekwisha kwetu zamani sana. Ni mahindi ya njano, na yalikuwa yananuka."

Muringo alimtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana haraka. "Karibu ukae, mama," akasema.

"Na wewe," Munyiva akaniambia, "ngoja nje."

Nilikaa kwenye ngazi. Mlango ulibaki wazi kidogo, maana haujawahi kufunga vizuri. Nilisikia akiuliza ni ya nini magodoro ukutani, kama kuna mgonjwa. Nilisikia Henry akimweleza mchezo, mwindaji, mganga, mlinzi wa kiapo, naye akiuliza kila kitu mara mbili. Henry akamwonyesha ngao inavyopasuka.

"Aiya. Na ikipasuka?"

"Kwa sasa tumeweka jiwe hili. Unafika, unabonyeza hapa, inarudi."

"Mimi niliyemwacha mwenzangu, ndiye nabonyeza?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule aliyeachwa, yeye anabonyeza wapi?"

Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia hata misumari ikihesabiwa kule chini dukani.

"Hana mahali," Henry akasema mwishowe. "Hatukumfikiria."

"Basi mfikirieni."

"Lakini mama," hiyo ilikuwa sauti ya Winfred, na nilijua anauliza la mchezo na la nyumbani pamoja, "huyu aliyevunja, ameshavunja. Anajengwa upya namna gani? Tukimrudishia ngao si haki. Tukimwacha hivyo, watu wanaacha kucheza."

Nilishika chuma cha ngazi.

"Ngao asipewe," Munyiva akasema. "Hiyo si yake tena, hata akitembea miaka. Mpeni kazi nyingine. Abebe. Atembee nyuma ya wengine, abebe maji, abebe walioumia. Awe mtu mwingine, si yule wa kwanza akipakwa rangi. Na yule aliyeachwa ndiye atasema abebe mpaka wapi."

"Na asiposema?"

"Si basi asiposema. Kwani ni lazima?"

Kisha wakafunga mlango kwa kiti ili warekodi, na sikusikia tena.

Alipotoka alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta. Nilisimama. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipa mfuko wake, ule mzito wenye chupa ya maji na viatu vya kubadilisha. Nikaubeba. Alitangulia.

Tulipofika chini akasema, akiangalia barabara, "Jumamosi naenda kwa Kimeu."

"Nikusindikize?"

"Hapana."

Tukatembea.

"Hadi njia panda," akasema. "Mlangoni usifike. Na usiniombee kwa sauti, nitakusikia."

Jumamosi saa nne tulifika njia panda, pale barabara ya kwa Kimeu inapoachana na ya kisima. Alichukua mfuko wake kutoka mkononi mwangu, akashuka peke yake, mguu mmoja ukichechemea. Nilimwona akifika langoni. Nilimwona Kimeu akitoka, akisimama na mikono nyuma. Wakasimama hivyo muda mrefu sana. Kisha mmoja wao akaingia ndani, na mwingine akafuata, na kutoka mahali nilipokuwa sikuweza kujua nani alitangulia.

Jua lilipanda. Sikukaa. Palikuwa na jiwe zuri la kukalia chini ya ua na sikulikalia. Nilienda hatua kumi upande wa kisima, nikarudi, nikaenda upande wa sokoni, nikarudi. Waithira alipita na mkokoteni wa mbegu, akanisalimu kwa kichwa, sikujua kama ni msamaha au ni adabu tu. Niliomba bila kufungua mdomo. Maneno yalikuwa yananisukuma meno kwa ndani.

Ilikuwa imepita saa saba mchana Munyiva alipotokea. Alipanda polepole, akisimama kila baada ya hatua chache. Uso wake ulikuwa umevimba. Mfuko ulikuwa umejaa kuliko alivyoenda nao, au labda ulikuwa vile vile na mkono wake ndio ulikuwa umechoka. Alipofika alipumua, akanitazama machoni, na nikaona kwamba alikuwa anangoja niulize.

Nilinyoosha mkono, nikachukua mfuko.

Akangoja kidogo zaidi. Kisha akatangulia, nami nikafuata nyuma, tukaelekea kwake. Mpaka leo sijui Kimeu alisema nini.